Kabla Askari Hajanunua Kitalu-Nyumba

Msafiri apitaye siku hizi katika barabara kuu zitokazo Kampala, iwe ile ya Masaka, ya Mityana au ya Jinja, hakosi kuona nyuma ya migomba ya watu paa jeupe la plastiki likimeremeta juani. Ndani ya nyumba hizo halali mtu. Mna nyanya, pilipili hoho na matango, yamefungwa kamba na kupandishwa juu kama maharage. Wauzaji huziita grinihausi. Mabwana shamba wasemao Kiswahili huziita vitalu-nyumba, na hilo ndilo jina tutakalolitumia hapa.

Katika makambi ya jeshi na katika vituo vya polisi mazungumzo ya vitalu-nyumba hupamba moto nyakati mbili: askari apatapo mkopo katika chama cha akiba, na askari akaribiapo kustaafu akaanza kuhesabu kiinua mgongo chake. Fedha ya namna hiyo, kwa familia nyingi, huja mara moja tu. Ikizama katika mabomba na plastiki isiyofaa haiibuki tena, na watakaoumia si yeye peke yake bali ni watoto waliokuwa wakingojea karo ya muhula. Ndiyo maana jambo hili, ingawa ni la nyanya na mboga, linastahili kufikiriwa kwa makini kama lifikiriwavyo jambo la kujenga nyumba ya kukaa.

Neno la kwanza la kusemwa wazi, hata kama litamchukiza muuzaji, ni kwamba vitalu-nyumba vingi viuzwavyo kwetu vimebuniwa kwa mawazo ya nchi za baridi. Huko adui ni theluji. Kwetu adui ni mvua ipigayo majani, ni wadudu, ni maradhi yakaayo udongoni, na zaidi ya hayo yote ni joto lililofungiwa ndani. Achaguaye kitalu-nyumba chake cha kwanza hana budi kukichagua kwa ajili ya adui aliye naye, wala si kwa ajili ya adui wa mtu mwingine.

ASILI YAKE NI BARIDI

Katika bustani ya mimea ya Kew, jijini London, ipo nyumba kubwa ya chuma na vioo iliyojengwa kati ya mwaka 1844 na 1848, ili minazi, michikichi na jamaa zao wa nchi za joto wapate kuishi katikati ya baridi ya Uingereza. Tazama basi kichekesho chake: mimea ya ukanda wetu ilijengewa jumba la gharama kubwa ili ipewe hali ambayo sisi tunayo bure, nje ya mlango.

Watu wengi hudhani kwamba kioo au plastiki ina nguvu ya ajabu ya kunasa joto la jua. Mwaka 1909 mwanafizikia wa Marekani, Robert Williams Wood, alilipima jambo hilo kwa jaribio dogo. Alitengeneza masanduku mawili meusi. Moja alilifunika kwa kioo, na la pili kwa kipande cha chumvi ya mawe, ambacho huruhusu kupita mnururisho wa joto ambao kioo huuzuia. Akayaweka yote mawili juani. Kama kioo ndicho kingekuwa mtego wa joto, sanduku lake lingelishinda lile la chumvi kwa mbali sana. Haikuwa hivyo, tofauti ilikuwa ndogo mno. Wood akahitimisha kwamba nyumba ya kioo hupata joto hasa kwa sababu hewa iliyokwisha kupata moto haina njia ya kutoka. Askari yeyote aliyewahi kusafiri saa nane mchana ndani ya lori lililofungwa turubai pande zote anaijua fizikia hiyo bila ya kufundishwa.

Kwa hiyo swali kubwa si rangi ya plastiki wala ukubwa wa picha iliyo katika karatasi ya muuzaji. Swali ni hili: hewa ya moto itatokea wapi?

Hapa wengi hujibiwa kwa mfano wa Naivasha, nchini Kenya, ambako maua hukuzwa chini ya plastiki kwa wingi mno. Mfano huo ni mzuri, lakini usichukuliwe mzima-mzima. Naivasha iko juu ya bahari kwa karibu mita 1,900, na usiku wake una baridi. Nchi hupoa kwa takriban nyuzi 6 kila tupandapo mita 1,000. Askari ambaye nyumbani kwao ni Kabale au Kapchorwa, kwenye zaidi ya mita 1,800, aweza kuiga Naivasha pasipo hofu kubwa. Lakini yule wa Kasese, chini ya mita 1,000, au wa Gulu, akiiga nyumba ile ile ya kufungwa-fungwa, atakuwa amejenga jiko. Hata mashamba ya maua yaliyoanza miaka ya 1990 karibu na Entebbe, kandokando ya Ziwa Victoria, yaligundua mapema kwamba nyanda za chini zina sheria zake: yakashika zaidi waridi wa vichwa vidogo, na kuwaachia wa milimani waridi wakubwa.

NYUMBA YA SAJINI MSTAAFU

Mwandishi wa makala haya aliwahi kukaribishwa na sajini mmoja mstaafu, hatua chache kutoka barabara ya Masaka. Mzee huyo alikuwa ametumia sehemu ya kiinua mgongo chake kununua kitalu-nyumba cha mita 8 kwa 15, kipimo kilichoenea sana miongoni mwa wauzaji. Paa lake lilikuwa la mviringo, lisilo na tundu hata moja. Kuta zilikuwa za plastiki kutoka juu hadi chini, na mlango ni mmoja. Kwa nje kilipendeza kabisa, na majirani walikuwa wakija kukitazama.

Tuliingia saa sita mchana. Minyanya ilikuwa mirefu kufikia kifua cha mtu, yenye majani mabichi na maua tele. Lakini chini ya mashina maua makavu yalikuwa yametapakaa kama pumba, na matunda yaliyokuwa juu yalihesabika kwa vidole.

“Bwana mwandishi,” alisema sajini, “mbolea nimetia, dawa nimetia, maji yapo. Sijui kilichobaki ni nini.”

Mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akishinda humo, alijifuta jasho kwa upindo wa kanga. “Mimi, bwana, nikiingia humu saa saba natoka nimekwisha kuchemka,” alisema. “Kama mimi siwezi kukaa, ua litakaaje?”

Mama yule alikuwa amesema lote. Mnyanya hupenda mchana wenye nyuzi 21 hadi 27 za Selsiasi. Joto lipitapo nyuzi 32 hivi, chavua ya ua hupungukiwa nguvu. Na kama usiku nao una joto, ua hukauka likadondoka kabla halijafunga tunda. Mti wenyewe haufi. Huendelea kurefuka na kutoa majani, ukamdanganya mwenye shamba kwamba mambo ni mazuri, naye akaongeza mbolea, nao ukaongeza majani. Hasara ya namna hiyo ni mbaya kuliko ile ya mmea uliokufa, maana yaendelea kula maji na nguvu za watu kwa miezi mitatu.

Lilikuwapo na jambo la pili. Ua la mnyanya hujichavusha lenyewe, lakini hutaka kutikiswa, kazi ambayo nje hufanywa na upepo na nyuki. Ndani ya nyumba iliyofungwa hakuna upepo, na nyuki hawaingii. Ni lazima mtu apite asubuhi, yapata saa nne hivi umande ukiisha kukauka, agonge-gonge kamba zilizoshika mashina ili chavua ianguke. Ni kazi ya dakika chache tu, lakini muuzaji hakuwa ameitaja.

Basi mtu atafutaye kitalu-nyumba cha kwanza katika nchi za joto la kati na la chini na atazame kwanza urefu wa kwenda juu. Ukuta ulio chini ya mita 2 na nusu ni mfupi mno, na mgongo wa paa ufikie mita 3 na nusu au 4. Hewa ya moto hupanda. Ikipata nafasi ya kupanda juu ya vichwa vya mimea, na ikikuta huko tundu refu lililoachwa wazi kwenye mgongo wa paa, upande usioelekea upepo, hutoka yenyewe bila mashine wala umeme. Matundu yote yakijumlishwa, ya paa na ya ubavuni, yafikie angalau robo ya eneo la sakafu. Kitalu-nyumba kilicho kifupi, kirefu kwa kwenda mbele na kisicho na tundu juu, kikataliwe hata kama bei yake ni nusu.

PAA KWANZA, KUTA BAADAYE

Sasa tufikie shauri ambalo pengine litaonekana la ajabu: kwa familia nyingi kitalu-nyumba cha kwanza kilicho bora ni kile kisicho na kuta.

Sababu yake ni ugonjwa mmoja. Wakulima wetu wote wanaujua, maana wakati wa masika nyanya zao huungua majani kana kwamba zimemwagiwa maji ya moto, na katika juma moja shamba zima limekuwa jeusi. Wataalamu huuita bakajani chelewa. Ni ugonjwa ule ule ulioangamiza mbatata za Ireland kuanzia mwaka 1845, ukaleta njaa iliyoua watu kiasi cha milioni moja na kuwafukuza wengine wengi kwenda ng'ambo. Mbegu zake hupeperuka hewani, nazo hazioti pasipo maji juu ya jani. Jani likikaa kavu, ugonjwa hukosa mlango. Hapo ndipo penye faida kuu ya plastiki kwa nchi ya mvua nyingi: inafanya kazi ya mwavuli. Na mwenye kuwa na nyanya katika mwezi wa Aprili au Novemba, wakati mashamba ya wazi yameungua, huikuta bei ya sokoni imempanda mwenyewe bila ya kuitafuta.

Kituo cha utafiti wa mboga kilichoanzishwa Taiwan mwaka 1971, ambacho tangu 1992 kina tawi mjini Arusha, kimefanya kazi kwa miaka mingi juu ya mapaa ya namna hiyo kwa ajili ya nyanya za nyakati za joto na mvua. Paa la plastiki juu ya nguzo, pande zote wazi: hewa yapita, jua lapita, mvua haipiti. Gharama yake ni pungufu sana kuliko ya nyumba kamili, na akosaye hupoteza kidogo.

Kasoro yake ni wadudu. Yuko nondo mdogo wa nyanya, asili yake Amerika Kusini, aliyeonekana Hispania mwaka 2006, kisha akavuka bahari na kuishambulia Afrika nzima. Katika mwongo uliofuata akawa amekwisha kufika Afrika Mashariki. Viwavi wake huchimba ndani ya jani na ndani ya tunda, ambamo dawa haiwafikii vizuri. Wako na nzi weupe, wachukuao magonjwa ya virusi kutoka mti hadi mti. Mahali ambapo maadui hawa wamezidi, pande za nyumba zizibwe kwa wavu, wala si kwa plastiki. Wavu uwe wa nyuzi 40 au 50 kwa inchi. Ulio wazi kuliko huo nzi weupe hupenya. Lakini ifahamike kwamba wavu mwembamba namna hiyo huzuia upepo kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo atiaye wavu hana budi kuongeza urefu wa nyumba na ukubwa wa matundu. Na mlango uwe wa mara mbili, wenye chumba kidogo katikati, wa pili usifunguliwe kabla ule wa kwanza haujafungwa. Askari aliyewahi kulinda ghala la silaha hahitaji kuelezwa maana yake.

Kwa wale wa milimani, hadithi ni nyingine kidogo. Huko kuta za plastiki ziwezazo kukunjwa juu asubuhi na kuteremshwa jioni zina faida ya kweli, kwa kuwa baridi ya usiku huchelewesha nyanya kuiva. Lakini ziwe za kukunjwa. Ukuta wa plastiki uliopigiliwa misumari moja kwa moja haufai popote nchini.

UPELELEZI WA ARDHI

Hakuna kamanda apelekaye kikosi mahali asipopapeleleza. Hata hivyo watu hununua kitalu-nyumba kwanza, kisha ndipo hutafuta pa kukiweka, na aghalabu hukiweka mahali palipolimwa nyanya siku zote kwa sababu ni karibu na nyumba.

Katika udongo wa sehemu nyingi za nchi yetu hukaa mnyauko bakteria. Mti huamka mzima, mchana hunyauka ukiwa na majani mabichi, jioni hujikaza kidogo, na baada ya siku chache huanguka. Dawa ya kuuponya haipo. Vidudu vyake hudumu udongoni kwa miaka, na huishi pia katika mizizi ya mbatata, biringanya, pilipili, tumbaku na hata mnavu uotao wenyewe. Kujenga kitalu-nyumba juu ya udongo wenye ugonjwa huo ni kuufungia ndani pamoja na fedha zako.

Kuutambua hakuhitaji maabara. Akiona mnyanya au biringanya imenyauka katika shamba lake la sasa, askari na akate kipande cha shina karibu na ardhi, akisafishe, kisha akitundike ndani ya bilauri ya maji safi, ncha moja ikigusa maji. Asubiri dakika chache. Zikishuka nyuzi nyeupe, nyembamba, kama moshi wa maziwa ndani ya maji, huo ndio mnyauko bakteria, na mahali hapo pasijengwe. Akipenda kujaribu kabla, na apande miche ishirini ya nyanya hapo anapopakusudia, msimu mmoja mzima, bila ya nyumba. Miezi mitatu ya kungoja ni rahisi kuliko mkopo wa miaka mitatu.

Ikiwa hana ardhi nyingine, njia zipo bado. Moja ni kupanda katika mifuko iliyojazwa udongo uliotolewa mbali na kuchomwa kwa mvuke ndani ya pipa, mifuko hiyo ikiwekwa juu ya plastiki ili mizizi isigusane na ardhi ya chini. Ya pili ni miche iliyounganishwa, yaani mnyanya uliopachikwa juu ya shina la biringanya sugu, jambo ambalo kituo kile cha Taiwan kililieneza. Zote mbili zina gharama na zataka mkono uliozoea.

Mengine juu ya mahali yasemwe kwa ufupi. Pawe tambarare, pasiwe bondeni ambamo maji hutuama, pawe mbali na miti mirefu. Kuelekea kwa nyumba, mashariki au kaskazini, ambako vitabu vya Ulaya hukutilia mkazo mkubwa, kwetu sisi tulio juu ya ikweta hakuna uzito. Jua hupita utosini. Angalia upepo tu.

JERIKENI TISA KILA SIKU

Ukubwa gani? Hapa wanajeshi wengi hukosea kwa ushujaa. Mtu hununua mita 8 kwa 15 kwa kuwa ndicho kilichopo, kabla hajajua kutunza hata miche hamsini. Tupige hesabu kwa nyumba iliyo pungufu ya nusu yake, mita 5 kwa 10. Ndani yake huingia matuta matatu yenye upana wa mita moja, na njia za nusu mita katikati na kandokando. Kila tuta hubeba mistari miwili, na kila mstari miche 20 hivi. Jumla ni miche 120, ambayo kwa familia moja ni nyanya nyingi, na ziada ya kuuza hubaki.

Mnyanya uliokomaa, uliojaa matunda, katika siku ya jua hunywa lita moja hadi mbili. Tuchukue moja na nusu. Miche 120 itataka lita 180 kwa siku, yaani jerikeni tisa za lita 20. Ile nyumba ya mita 8 kwa 15, ikipandwa kwa kiasi hicho hicho, itataka zaidi ya jerikeni 21. Sasa swali la kweli linakuja: jerikeni hizo zitabebwa na nani?

Baba yuko lindo Karamoja, au yuko Somalia na kikosi cha kulinda amani, au yuko zamu ya usiku katika kituo cha polisi kilicho mbali na kwao. Anayebaki nyumbani ni mama wa watoto, pamoja na watoto wenyewe waendao shule. Mume asemaye kwa simu “mwagilieni vizuri” amekwisha kuwapa jerikeni tisa kichwani kila siku, pengine kutoka kisima kilicho chini ya kilima, juu ya zile za kupikia na kufulia. Vitalu-nyumba vingi hufa kwa ajili hiyo. Bwana shamba akiitwa husema ni ugonjwa. Mke wa askari anajua ni kisima.

Kwa hiyo tangi lihesabiwe ndani ya bei ya nyumba, lisiachwe liwe jambo la baadaye. Paa lenyewe ni msaada mkubwa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili; mvua ya milimita 20, ambayo kwetu ni mvua ya alasiri moja tu, juu ya paa la mita za mraba 50 ni lita 1,000, kasoro kidogo imwagikayo. Mfereji wa bati ubavuni mwa paa na tangi la lita 1,000 huipa familia maji ya siku tano na nusu bila mtu kwenda kisimani. Tangi likiinuliwa juu ya jukwaa la mita moja au moja na nusu, maji hushuka yenyewe katika mipira ya matone, na kazi ya kumwagilia inakuwa ni kufungua bilula. Chujio lisisahauliwe, maana tundu la mpira wa matone ni dogo na mchanga kidogo tu huliziba.

Kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote ya mkopo, basi, mashauri yafanyike na yule atakayebaki. Akisema hawezi, hawezi; na ipunguzwe nyumba iwe ya miche 50, au jambo liahirishwe.

JUU YA UHAMISHO

Ardhi ya kambi ni ya Serikali. Askari apewaye kibali cha kulima nyuma ya nyumba ya kambi aweza kupanda sukuma wiki na dodo kwa raha zake, lakini kujenga hapo kitu cha kudumu ni kumjengea atakayekuja. Amri ya uhamisho haingoji nyanya ziive. Mwenye nia ya kujenga kambini, baada ya kupata ruhusa, na achague mifupa ya mabomba ya chuma kilichopakwa zinki, iliyoungwa kwa bolti, ambayo watu wanne huweza kuifungua na kuipakia garini. Ajengaye katika ardhi yake ya nyumbani hana haja ya gharama hiyo. Nguzo za mkaratusi zatosha, mradi zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa. Zisizotiwa dawa huliwa chini kwa chini, na siku ya upepo wa dhoruba paa lote huondoka na nguzo zikabaki zimesimama kwa nusu.

Plastiki ndiyo idanganyayo macho kuliko vyote. Plastiki ya dukani itumiwayo na wajenzi hufanana na ile ya kitalu-nyumba, na bei yake huvutia, lakini jua huila ikavunjika kama gamba la yai katika miezi michache. Itakiwayo ni ile iliyotiwa kinga ya miali ya jua, unene wa mikroni 200, yaani milimita 0.2. Hiyo hudumu miaka mitatu hadi mitano, si zaidi, na muuzaji asemaye kumi usimsadiki. Mahali inapogusa chuma huungua mapema, kwa kuwa chuma hushika moto. Paka chuma rangi nyeupe hapo. Dawa zenye salfa nazo huipunguzia maisha. Fedha ya kununua plastiki ya pili ianze kuwekwa kando tangu mavuno ya kwanza.

Tukumbuke pia kwamba ndani ya nyumba ndogo si rahisi kubadilisha mazao. Baada ya nyanya usifuatishe pilipili, biringanya wala mbatata, kwa kuwa zote ni ukoo mmoja na huuguana. Fuatisha matango, au maharage, au sukuma wiki.

Muuzaji atakapokuja na picha zake, aulizwe tundu la juu liko wapi na lina upana gani. Plastiki ni mikroni ngapi na imeandikwa wapi. Nani atarudi kuikaza upepo ukiilegeza. Kisha aombwe majina ya wateja wawili waliokwisha kuvuna mara mbili, si waliojenga juzi. Twendeni tukawaone saa saba mchana, wala si asubuhi.

Sajini wetu wa barabara ya Masaka hakukata tamaa. Nilipopita tena mwaka uliofuata, alikuwa ameondoa plastiki ya kuta zote nne na kutia wavu, akapasua mgongo wa paa na kuinua upande mmoja kwa mbao kiasi cha nusu mita. Nusu ya sakafu aliiacha bila kupandwa, kwa sababu ya maji. Plastiki ya kuta alikuwa ameigeuza mwavuli juu ya kitalu cha miche ya kabichi anayowauzia majirani. Nilimwuliza nyanya zinaendeleaje, akaniambia nimwulize mama, maana ufunguo wa mlango anao yeye.